Mikwaju ya penalti katika hoki ya vyuo vya Marekani: namna ya kuisoma kwenye msimamo wa ligi

Jumatatu ya tarehe 13 Februari 2023, katika ukumbi wa TD Garden mjini Boston, vyuo vya Northeastern na Harvard vilimaliza fainali ya Beanpot, mashindano ya kila mwaka ya hoki ya vyuo vinne vya eneo la Boston, vikiwa 2–2. Dakika za nyongeza hazikutoa bao. Ikapigwa mikwaju, Northeastern wakashinda, wakanyanyua kombe. Mashindano hayo yalianza mwaka 1952, na hiyo ndiyo ilikuwa fainali yake ya kwanza kuamuliwa kwa mikwaju. Sasa fungua rekodi rasmi ya Northeastern ya msimu huo uutafute ushindi wa usiku ule. Hauumo. Utakuta sare. Harvard nao wameandikiwa sare.

Anayeanza kufuatilia mchezo huu akikutana na jambo kama hilo hudhani tovuti imekosea. Haijakosea. Hoki ya vyuo vikuu vya Marekani, ninamaanisha ile ya barafuni inayochezwa kwa viatu vya kuteleza na kisahani badala ya mpira, ina madaftari mawili ya matokeo. Mechi moja huandikwa kwenye yote mawili, lakini si kwa maandishi yale yale. Mwenye duka anaijua hali hii: kilo moja ya sukari iliyokopwa imo kwenye daftari la bidhaa zilizotoka na imo kwenye daftari la madeni, na anayesoma moja tu atapata hesabu nusu.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuusoma msimamo wa ligi hizo mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, bila kungoja mtu amtafsirie. Ninazungumzia wanaume wa Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo.

Hatua ya 1: Jiulize unasoma daftari gani

Daftari la kwanza ni la ligi. Vyuo vingi vya Daraja la Kwanza vimegawanyika katika ligi sita: Atlantic Hockey America, Big Ten, CCHA, ECAC, Hockey East na NCHC. Kila ligi ina msimamo wake, pointi zake na bingwa wake wa msimu. Hapa mikwaju ina thamani.

Daftari la pili ni la taifa. Hili ni la NCAA yenyewe, nalo linaandika mambo matatu tu: kushinda, kufungwa na kutoka sare. Ndilo linalotumika kupanga ubora wa timu nchi nzima na kuchagua timu 16 zinazoingia mashindano ya kitaifa mwezi Machi. Hapa mikwaju haina thamani yoyote. Mechi iliyofika kwenye mikwaju ni sare, awe ameshinda nani.

Ukishika hilo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Hatua zinazofuata ni za kufanya hesabu.

Mpenzi wa soka asiione hali hii kuwa ngeni sana. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2022 kule Qatar iliisha Argentina 3, Ufaransa 3. Argentina ni mabingwa wa dunia, ila katika orodha za takwimu mchezo ule ni sare iliyoamuliwa kwa penalti 4–2. Tofauti ni kwamba kwenye soka penalti tunazikuta kwenye mtoano, na katika hoki ya vyuo zinapigwa kwenye ligi ya kawaida, wikiendi hadi wikiendi.

Hatua ya 2: Angalia mechi iliishia wapi

Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Ikiisha kwa timu moja kuongoza, hapo hakuna cha kujadili.

Zikiwa sawa, zinaongezwa dakika 5, na kila upande unabaki na wachezaji watatu na kipa badala ya watano na kipa. Bao la kwanza linamaliza mchezo, kama lile bao la dhahabu la soka ya zamani. Utaratibu huu wa watatu kwa watatu ulianza kutumika kwa vyuo vyote msimu wa 2020–21. Barafu inakuwa wazi, kosa moja la pasi linazaa shambulio upande wa pili, na mara nyingi bao hupatikana.

Lisipopatikana, kwa NCAA mechi imeisha. Ni sare, matokeo yamefungwa. Mikwaju inayofuata inapigwa kwa ajili ya ligi peke yake. Kwa kawaida kila timu inatoa wapigaji watatu, mmoja mmoja, anaanzia katikati ya uwanja na kisahani na kumwendea kipa. Wakiwa bado sawa, wanaendelea raundi kwa raundi mpaka mmoja afunge na mwenzake akose.

Mabao ya mikwaju hayaongezwi kwenye matokeo. Mechi iliyoisha 2–2 inabaki 2–2. Mpigaji haongezewi bao kwenye idadi yake ya msimu, na kipa haandikiwi bao la kufungwa. Kwa hiyo ukiona matokeo ya 2–2 na pembeni pameandikwa kwamba timu fulani ilishinda mikwaju, umekutana na madaftari yote mawili kwenye mstari mmoja.

Hatua ya 3: Gawa pointi tatu

Kila mechi ya ligi ina pointi 3 za kugawana. Hazipungui, hazizidi.

- Ukishinda ndani ya dakika 60, unachukua zote 3. Aliyefungwa hapati kitu.
- Ukishinda ndani ya dakika 5 za nyongeza, unachukua 2. Aliyefungwa anapata 1.
- Ukishinda kwa mikwaju, unachukua 2. Aliyeshindwa anapata 1.

Mistari miwili ya mwisho inafanana kwa pointi, na hapo ndipo watu wengi huteleza. Wanasema, kama nyongeza na mikwaju zinalipa sawa, basi ni kitu kimoja. Kwenye msimamo wa ligi, ni kweli. Kwenye daftari la taifa zina umbali mkubwa: ushindi wa nyongeza ni ushindi, ingawa hauhesabiwi kwa uzito kamili wakati wa kupanga ubora wa timu, na aliyefungwa hubakiziwa sehemu ya uzito huo. Ushindi wa mikwaju ni sare tupu, nusu kwa nusu.

Hatua ya 4: Fanyia mazoezi wikiendi moja

Timu za vyuo kwa kawaida hukutana mara mbili mfululizo, Ijumaa na Jumamosi, kwenye uwanja ule ule. Tuchukue timu mbili za kubuni, Nyekundu na Buluu.

Ijumaa Nyekundu wanashinda 4–3 kwa bao la dakika za nyongeza. Nyekundu pointi 2, Buluu 1.

Jumamosi mechi inaisha 2–2, na Buluu wanashinda mikwaju. Buluu pointi 2, Nyekundu 1.

Jumla ya wikiendi ni Nyekundu 3, Buluu 3. Ukiangalia msimamo wa ligi Jumapili asubuhi, utasema wamegawana sawa kwa sawa na kila mtu arudi kwao kwa amani.

Fungua daftari la taifa. Nyekundu wana ushindi mmoja na sare moja. Buluu wamefungwa moja na kutoka sare moja. Buluu walitoka uwanjani Jumamosi wakishangilia, kipa wao akibebwa, na kwa ligi walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kama timu hiyo inawania nafasi ya kuingia kwenye zile 16, wikiendi hiyo imewaumiza, na ule mkwaju wa mwisho haukuwasaidia hata chembe.

Mimi nauona mgawanyo huu kuwa wa haki. Mkwaju unapima mtu mmoja na kipa mmoja, na timu iliyopigana kwa dakika 65 haistahili kupangiwa daraja la kitaifa kwa ustadi wa dakika tatu za namna hiyo. Wakati huohuo shabiki aliyesafiri usiku wa baridi kali kuja uwanjani anastahili kuondoka akijua nani kapata na nani kakosa. Pointi moja ya ziada kwenye ligi inatosha kumpa hilo.

Hatua ya 5: Soma safu za jedwali bila kuhesabu mara mbili

Hapa pana kazi, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipotea kwa wiki kadhaa nilipoanza kujiandikia msimamo kwa mkono. Pointi zangu zilikuwa zinazidi zile za ligi, na sikuelewa kwa nini.

Jedwali la kawaida lina herufi hizi. GP ni idadi ya mechi. W ni ushindi, L ni kufungwa, T ni sare. OTW ni ushindi uliopatikana kwenye nyongeza, OTL ni kufungwa kwenye nyongeza. SOW ni mikwaju iliyoshinda. Kuna jedwali huandika SW tu. PTS ni pointi.

Kosa langu lilikuwa kudhani OTW ni ushindi mwingine tofauti na W. Kwenye majedwali mengi ya vyuo, OTW tayari imo ndani ya W, na OTL imo ndani ya L. Imetajwa pembeni ili ujue ni ngapi kati ya zile ushindi zililipa 2 badala ya 3. Vivyo hivyo SOW imo ndani ya T: inakuambia ni sare ngapi kati ya hizo ziliongezewa pointi moja.

Kwa kuwa si kila tovuti inaandika namna moja, fanya jaribio hili kabla ya kuhesabu chochote. Jumlisha W, L na T. Jibu likiwa sawa na GP, basi OTW na OTL zimo ndani. Likipungua, kuna mechi zimeandikwa kwenye safu nyingine, na itabidi uzichukue kila moja peke yake.

Zikiwa ndani, kanuni ni hii:

Pointi = (W × 3) − OTW + OTL + T + SOW

Nitaieleza ili usiikariri tu. Kila ushindi umeupa pointi 3, lakini ule wa nyongeza ulistahili 2, kwa hiyo unaondoa moja kwa kila OTW. Kila kufungwa umekupa sifuri, lakini kule kwa nyongeza kulistahili 1, unaongeza. Kila sare inalipa 1 kwa pande zote mbili, na aliyeshinda mikwaju anaongezewa 1 juu yake.

Tujaribu. Timu ina W 15, L 7, T 2, OTW 3, OTL 2, SOW 1. Kwanza jaribio: 15 + 7 + 2 ni mechi 24, sawa na ratiba ya Big Ten. Kisha 45 − 3 + 2 + 2 + 1 = 47. Ukitaka kuhakikisha kwa njia ndefu: ushindi 12 wa dakika 60 ni pointi 36, ushindi 3 wa nyongeza ni 6, kufungwa mara 2 kwenye nyongeza ni 2, mikwaju iliyoshinda ni 2, iliyoshindwa ni 1. Zinafika 47.

Hatua ya 6: Usipange timu kwa idadi ya ushindi

Mazoea ya soka yanatusukuma kuangalia W kwanza. Kwenye msimamo huu W peke yake hudanganya. Linganisha timu hizi mbili za kubuni, kila moja ikiwa imecheza mechi 24:

Timu ya kwanza: W 14, L 10, T 0, OTW 6, OTL 0, SOW 0. Pointi zake ni 42 − 6 = 36.

Timu ya pili: W 12, L 9, T 3, OTW 1, OTL 4, SOW 3. Pointi zake ni 36 − 1 + 4 + 3 + 3 = 45.

Yenye ushindi 12 imeiacha yenye ushindi 14 kwa pointi 9. Timu ya kwanza ilishinda mechi sita kwa nyongeza, kila moja ikagawia mpinzani pointi, na yenyewe ilipofungwa ilifungwa moja kwa moja bila kuambulia kitu. Timu ya pili ilikuwa ngumu kuiangusha ndani ya dakika 60. Ukitaka kujua tabia ya timu, OTL na T zina mengi ya kukuambia.

Hatua ya 7: Hakiki jedwali zima

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inatumia ule uzuri wa kila mechi kuwa na pointi 3 kamili. Msimu ukiisha, jumla ya pointi za timu zote za ligi lazima iwe idadi ya mechi mara 3.

Big Ten ina timu 7, kila moja inacheza mechi 24 za ligi. 7 × 24 ni 168, ukigawa kwa 2 kwa sababu kila mechi ina timu mbili, unapata mechi 84. Mara 3 ni 252. Ukijumlisha safu ya PTS ya Big Ten mwisho wa msimu na usipate 252, ama wewe umekosea au kuna mechi haikuchezwa. ECAC ina timu 12 na mechi 22 kila moja: mechi 132, pointi 396.

Hakiki nyingine ni ya SOW. Kila mechi iliyofika kwenye mikwaju inatoa T mbili na SOW moja. Kwa hiyo ukijumlisha T za timu zote, SOW zote lazima ziwe nusu yake. Nayo OTW ya ligi nzima lazima ilingane na OTL ya ligi nzima. Hakiki hizi tatu zinafanyika kwa dakika tano, na zikikubali zote unaweza kuliamini jedwali lako.

Katikati ya msimu timu huwa hazijacheza mechi sawa. Wakati huo usilinganishe pointi, linganisha sehemu ya pointi walizozipata kati ya zile walizoweza kuzipata. Mwenye 38 katika mechi 20 amepata 38 kati ya 60, yaani 0.633. Mwenye 36 katika mechi 18 amepata 36 kati ya 54, yaani 0.667. Wa pili yuko nyuma kwenye jedwali, lakini ndiye anayekwenda vizuri zaidi. Msimu wa 2020–21, korona ilipofuta mechi nyingi, kuna ligi zilizopanga msimamo wao rasmi kwa asilimia ya namna hii.

Hatua ya 8: Toa mechi zisizo za ligi

Timu za ligi tofauti hukutana sana, hasa mwanzoni mwa msimu. Mechi hizo haziingii kabisa kwenye pointi za ligi. Zinaingia kwenye daftari la taifa tu, kwa hiyo zikiisha sare baada ya dakika 5 za nyongeza zinabaki sare. Mikwaju ikipigwa, inapigwa kwa sababu ya mashindano hayo yenyewe, kumpata wa kubeba kombe au kwenda fainali. Ndivyo ilivyokuwa Beanpot ile: Northeastern wako Hockey East, Harvard wako ECAC. Hakuna aliyepata hata pointi moja ya ligi. Waliokwenda na kombe walikwenda na kombe, na kila mmoja akaandikiwa sare.

Ndiyo sababu timu huonyeshwa rekodi mbili, ya jumla na ya ligi. Kwa kanuni ya Hatua ya 5 tumia ile ya ligi tu.

Hatua ya 9: Usichanganye na ligi nyingine, wala misimu ya zamani

NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani na Kanada, ilianza mikwaju msimu wa 2005–06, na kule anayeshinda mikwaju ameshinda kweli: anaandikiwa ushindi na pointi 2, na bao moja linaongezwa kwenye matokeo. Mshindi wa dakika 60 naye anapata 2 zile zile. Ndiyo maana NHL kuna mechi za jumla ya pointi 2 na nyingine za 3, na hakiki ya Hatua ya 7 haifanyi kazi huko.

Mashindano ya shirikisho la dunia, IIHF, ambalo Kenya ilijiunga nalo mwaka 2024, yanagawa 3, 2, 1 na 0 kama vyuo. Hata hivyo, mshindi wa mikwaju anaandikiwa ushindi, hakuna sare. Pointi zinafanana na za vyuo, maandishi hayafanani.

Kwa misimu ya nyuma ya vyuo, angalia mwaka kwanza. Utaratibu wa jadi ulikuwa pointi 2 kwa ushindi na 1 kwa sare. CCHA ya wakati ule ndiyo ligi ya kwanza kuingiza mikwaju kwenye msimamo, msimu wa 2008–09. Ligi nyingine zilifuata kila moja kwa wakati wake, kwa hiyo kwa miaka kadhaa ligi mbili jirani zilikuwa zinahesabu pointi kwa njia tofauti. Jedwali la mwaka 2015 usilisome kwa kanuni niliyokupa mpaka umehakikisha ligi hiyo ilikuwa inalipa vipi mwaka huo.

Jina la kikokotoo cha kitaifa, kile kinachopanga ubora wa timu nchi nzima, nalo limebadilika. Kwa miaka mingi kiliitwa Pairwise, na kuanzia msimu wa 2025–26 kinatumika kingine kiitwacho NPI. Kwenye vyote viwili mikwaju ni sare.

Hatua ya 10: Machi ikifika, funga ukurasa wa mikwaju

Mechi za mtoano, za ligi na za kitaifa, hazina mikwaju wala watatu kwa watatu. Zinaongezwa dakika 20 nzima, watano kwa watano, bao la kwanza linamaliza. Lisipopatikana, barafu inasafishwa, zinaongezwa 20 nyingine, na nyingine.

Tarehe 27 Machi 2021, mjini Fargo, Minnesota Duluth walikuwa wakiongoza 2–0 dhidi ya North Dakota, na zilibaki dakika chache sana. North Dakota wakarudisha yote mawili. Zikachezwa nyongeza tano. Luke Mylymok, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndiye aliyefunga, baada ya dakika 142 na sekunde 13 za mchezo, na mpaka leo hiyo ndiyo mechi ndefu kuliko zote za mashindano ya NCAA. Iliandikwa 3–2, ushindi kwa Duluth.